Kabla Hujachagua Kikapu, Ifuate Shilingi

Gauni moja la kitenge, jeupe lenye maua mekundu, liliuzwa mara mbili Jumamosi moja kabla ya saa sita mchana. Mteja wa kwanza aliliona kwenye WhatsApp akiwa Kakamega, akatuma pesa. Wa pili alilijaribu papo hapo dukani, likamkaa, akalipa kwa Till, namba ya duka ya kupokelea M-Pesa, akaondoka nalo. Dada yangu mkubwa, mwenye duka, alikuwa nyuma akimpima mteja mwingine, tepu shingoni na simu mfukoni, na msichana wa kaunta hakuwa na namna ya kujua kwamba gauni lile lilikuwa tayari na mwenyewe. Jioni dada alirudisha pesa za Kakamega na kuomba radhi. Mteja yule hakugomba. Alisema tu, "Sawa, dada," na tangu siku hiyo hajaagiza kitu tena.

Nimeanza na gauni hilo kwa sababu kila mfanyabiashara mdogo wa hapa Kisumu anaponiuliza ni programu gani ya duka la mtandaoni inayofaa, hunionyesha kwanza picha ya duka la mtu mwingine. Anataka kama lile: picha zinazoteleza, rangi zinazong'aa, kijikapu kwenye pembe ya juu chenye namba nyekundu. Namwelewa, maana hata duka la mbao na mabati huvutia likipangwa vizuri. Lakini kijikapu kile ni karani. Kazi yake ni kuandika nani amechukua nini, kimebaki kipi, nani amelipa, na mzigo uende wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na programu ya kikapu ni daftari linalojiandika lenyewe. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayechagua ni mmoja: chukua shilingi ya mteja wako, ifuate kutoka kwenye simu yake hadi kwenye hesabu yako ya jioni, kisha uone ni programu gani haitaipoteza njiani.

Programu zenye majina makubwa hazikuundwa zikimfikiria mteja wa Kondele, hapa Kisumu. Shopify ilitokana na duka la Ottawa, Kanada, lililofunguliwa mwaka 2004 kuuza mbao za kutelezea thelujini. Wenye duka hawakuridhika na programu walizozikuta, wakaandika yao, na mwaka 2006 wakaanza kuwauzia wengine huduma hiyo. Amazon ilipewa hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasiige, ya ununuzi wa kubofya mara moja mwaka 1999, na ikaishikilia huko Marekani hadi 2017. Wote hao walikuwa wakimtatulia shida mteja mwenye kadi ya benki, namba ya nyumba mlangoni na mtu wa posta anayepita kila siku. Wetu ana namba ya simu, PIN ya tarakimu nne, na nyumba iliyo "ukishuka stage, uliza kwa mama wa chapati". Programu hizo zinaweza kutufaa, ila zikifika huku lazima zifanyiwe marekebisho, na gharama ya marekebisho hayo ndiyo bei yake halisi.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo wengi huumia.

M-Pesa ilianza Machi 2007, na Lipa na M-Pesa ikafuata 2013. Leo hata muuza omena wa Kibuye amebandika namba yake ya Till kwenye nguzo ya kibanda. Kwa hiyo maduka mengi ya mtandaoni ya huku yamechukua njia ya mkato: ukifika mwisho wa kununua, ukurasa unakuonyesha namba ya Till, unalipa, kisha unaombwa utume msimbo wa M-Pesa kwa WhatsApp. Ukiwa na oda tatu kwa siku, njia hii inatosha. Zikifika kumi na tano, mwenye duka anageuka karani wa usiku. Ana ujumbe wa M-Pesa upande huu na orodha ya oda upande ule, anajaribu kuoanisha. Jina kwenye M-Pesa ni la mume, oda imeandikwa jina la mke. Mmoja ametuma 2,450 mahali pa 2,500 na hajasema kwa nini. Mwingine ametuma picha ya ujumbe wa kughushi, na inagunduliwa mzigo umeshapanda gari la Busia.

Ipo njia bora, na jina lake ni la Kiswahili. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mlango ambao programu ya mtu yeyote mwenye Till au Paybill inaweza kuupitia kuzungumza na M-Pesa moja kwa moja. Mteja anaandika namba yake ya simu kwenye duka. Duka linapeleka ombi Safaricom, likitaja kiasi kamili. Kwenye simu ya mteja linachomoza lile dirisha la kuomba PIN. Akiiweka, Safaricom hurudisha jibu kwenye anwani ya duka, na oda inajiandika kuwa imelipwa, msimbo wake ukiwa kando yake. Mambo ya picha za ujumbe na majina yasiyolingana yanaisha, na yule wa 2,450 hapati nafasi, kwa kuwa kiasi kimeandikwa na duka.

Lakini si kila anayetumia Daraja analitumia vizuri, na hili linastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu mafundi wengi hulipita haraka. Jibu la Safaricom huja na namba. Sifuri ni kwamba pesa imeingia. Moja ni kwamba salio halitoshi. 1032 ni kwamba mteja ameghairi mwenyewe. 1037 ni kwamba simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati. Plagini, yaani kiongezi kinacholiunganisha duka na Daraja, ikiwa nzuri humwambia mteja sababu kwa maneno anayoyaelewa na kumpa kitufe cha kujaribu tena. Mbaya humwandikia "malipo yameshindikana" na kumwacha hapo. Naye anadhani pesa zimekwenda, anapiga simu kwa hasira, au analipa mara ya pili. Tena jibu lenyewe linaweza kupotea: seva, kompyuta inayoliweka duka mtandaoni, imelala dakika ile, au mtandao umekatika. Mteja amekatwa pesa, duka halina habari. Daraja lina njia ya kuuliza, "Lile ombi liliishia wapi?", na plagini ya kulipia ni ile inayouliza yenyewe, bila kungoja mteja alalamike.

Kwa hiyo usimuulize fundi kama duka lake "lina M-Pesa". Wote watakujibu ndiyo. Mwambie aweke kitu cha shilingi kumi, ukinunue mbele yake. Mara ya kwanza weka PIN. Mara ya pili ghairi. Ya tatu, zima simu dirisha likiwa wazi. Ya nne, lipa kwa simu ya jirani yako. Kisha fungueni orodha ya oda mtazame pamoja. Dakika ishirini hizo zitakufunulia mengi kuliko ukurasa mzima wa sifa za programu.

Wapo pia wapatanishi wa malipo, kama Pesapal, kampuni ya Kenya iliyoanza 2009, wanaopokea M-Pesa na kadi mahali pamoja na kukuondolea kazi ya kuliunganisha Daraja mwenyewe. Wapatanishi wa aina hii huchukua asilimia ya kila mauzo. Sina ugomvi na hilo, ila asilimia hiyo uipime dhidi ya faida yako, usiipime dhidi ya bei. Tuseme gauni ni 2,500, faida yako ndani yake ni 600, na mpatanishi anatoza asilimia tatu. Ukiziweka kando ya 2,500, shilingi 75 ni kitu kidogo. Ukiziweka kando ya 600, ni moja ya nane ya jasho lako.

Sasa turudi kwa gauni, maana siku ile malipo hayakuwa na kasoro. Pesa zote mbili zilifika salama. Kilichokosekana ni hesabu ya mali. Maduka yetu ya vitenge, ya viatu vya mitumba, ya vinyago na shanga, yana hali moja ambayo miongozo ya kigeni huigusa juu juu: kila kitu ni kimoja tu. Hakuna gauni la pili la kitambaa kile, kwa sababu kipande kilichoshuka kutoka Busia kimekwisha, na kijacho kitakuja na maua mengine. Duka la namna hii linahitaji programu inayokishikilia kitu mara mteja anapoanza kulipa, na kukiachilia asipolipa. WooCommerce, programu nyingine ya duka nitakayoirudia, ina mpangilio huo. Ukiiacha ilivyo, huishikilia oda isiyolipwa kwa dakika 60. Kwa mteja wa M-Pesa saa nzima ni ndefu mno, kwa kuwa malipo yake huisha ndani ya dakika mbili, na anayengoja gauni lilo hilo anaweza kuwa amesimama kaunta. Kwa duka la dada tumeweka kumi na tano.

Hata hivyo mpangilio huo ni bure ikiwa kaunta ina daftari lake na mtandao una lake. Msichana wa kaunta lazima auze kupitia orodha ile ile moja, aliondoe gauni kwenye simu kabla ya kulitia mfukoni. Nimeona maduka yaliyojengwa kwa pesa nyingi yakishindwa mahali hapa padogo. Mwenye duka alifundishwa programu, fundi anaijua, na yule anayeshika bidhaa siku nzima hakuwahi hata kuingia ndani yake. Unapochagua, mpe simu mtu wa kaunta. Mwombe aondoe bidhaa moja huku wateja wawili wakimngoja. Ikimchukua zaidi ya nusu dakika, siku ya soko hataifanya, na kosa halitakuwa lake.

Kisha kuna mzigo. Fomu za kigeni hudai jimbo, mtaa na msimbo wa posta, na nyingine hukataa kuendelea usipoujaza. Misimbo tunayo: Kisumu ni 40100, Kakamega 50100, Nakuru 20100. Lakini 40100 inakufikisha kwenye sanduku la barua, haikufikishi kwenye mlango wa mtu Manyatta. Mteja akikutana na kisanduku asichokielewa hukisia, au huondoka. Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo kwa miaka mingi imekusanya tafiti za jambo hili, inakadiria kwamba karibu vikapu 70 katika kila 100 huachwa kabla ya kulipiwa, na sababu inayoongoza ni gharama za ziada zinazochomoza mwishoni. Tafiti hizo ni za masoko ya mbali. Sababu hiyo, hata hivyo, nimeiona kwa macho yangu: mteja wa Homa Bay amechagua, amejaza, amefika mwisho, ndipo anaambiwa kuna nauli ya mzigo ambayo hakuitarajia. Anaona kama amewekewa mtego, na ana haki.

Fomu ya huku iwe fupi: jina, simu, mji, na kisanduku kimoja kipana cha maelekezo. Bei ya kupeleka ipangwe kwa njia tunazozijua. Ndani ya mji ni bodaboda kwa kanda. Milimani na Nyalenda bei yake, Nyamasaria na Kisian bei yake. Kwa Kakamega, Bungoma, Kisii au Nakuru ni basi, na mteja anachukua mwenyewe kwenye ofisi ya basi akionyesha kitambulisho. Mzigo wa Mbita unaopitia Luanda Kotieno unangoja feri, na mteja aambiwe hivyo mapema. Programu inayojua kupanga nauli kwa kilo peke yake haikufai, kwa sababu mwenye basi hakuulizi kama gauni lina gramu 300 au 500. Na nauli hiyo ionekane kwenye ukurasa wa gauni lenyewe, si baada ya kurasa nne.

Bado hatujagusa lipa ukipokea. Wateja wetu wengi wanaipenda, na wana sababu. Wengi wameshatuma pesa kwa maduka ya Instagram wakapewa kitu kisichofanana na picha, au hawakupewa kabisa. Lakini upande wa pili wa sarafu hiyo ni simu kama hii, ambayo dada ameipokea mara nyingi kuliko anavyopenda:

"Mama, huyu mteja wako hashiki simu. Niko hapa Nyamasaria, nifanye nini?"

"Mngoje dakika tano, kijana wangu. Nimemtumia ujumbe sasa hivi."

"Nimengoja kumi tayari, mama."

Mwenye pikipiki analipwa nauli ya kwenda na ya kurudi, gauni linarudi limekunjamana, na yule mteja hajui alichomgharimu mtu. Suluhisho tulilolipata ni malipo ya nusu: mteja hulipa nauli na sehemu ndogo ya bei mwanzoni, kilichobaki hulipa mlangoni baada ya kuona. Si kila programu inaruhusu kugawa malipo hivyo bila kununua nyongeza. Uliza kabla. Kwangu, kwa biashara ya Magharibi ya Kenya, hili lina uzito kuliko mionekano ishirini ya bure ya kulipamba duka.

Kuhusu bei, nitasema wazi ninavyoona. Shopify ni programu nzuri. Seva ni kazi yao, ulinzi ni kazi yao, na unaweza kufungua duka usiku mmoja. Lakini inalipiwa kwa dola kila mwezi. Tangu mwaka 2023 mpango wake wa kawaida wa chini umekuwa dola 39 kwa anayelipa mwezi kwa mwezi. Januari 2024 dola moja ilipopita shilingi 160, hizo zilikuwa zaidi ya 6,200. Miezi michache baadaye, dola iliposhuka kukaribia 130, zikawa 5,070 hivi. Mfanyabiashara hakuongeza wala kupunguza chochote. Kodi ya duka lake ilipanda na kushuka kwa mambo yaliyoamuliwa mbali naye. Jambo la pili ni kwamba mfumo wao wa malipo, Shopify Payments, haujafika Kenya, kwa hiyo unatumia mpatanishi mwingine, na katika mpango huo Shopify inakutoza asilimia mbili juu ya kile anachochukua mpatanishi. Rudi kwenye gauni letu: 50 za Shopify, 75 za mpatanishi, na katika faida ya 600 zaidi ya moja ya tano imekwenda kabla hujalipa fundi cherehani.

Kwa mtu wa Tabaka anayewauzia Wajerumani vinyago vya mawe ya sabuni, au kikundi cha akina mama wa Dunga kinachosuka vikapu vya gugumaji kwa wanunuzi wa Marekani, hesabu inageuka. Mapato yao ni ya dola au yuro, kwa hiyo gharama ya dola haiwayumbishi; sarafu ikipanda, inapanda pande zote mbili. Wateja wao wana kadi na misimbo ya posta inayofika mlangoni. Wengi hulipa kwa PayPal, na tangu 2018 pesa za PayPal zinaweza kutolewa kwenda M-Pesa. Hao ningewaambia waichukue Shopify bila kusita sana. Kanuni ninayoifuata ni kwamba sarafu unayolipia duka ifanane na sarafu ambayo wateja wanakulipa.

Kwa anayewauzia Wakenya kwa shilingi, mwenye bidhaa hamsini hadi mia chache, ninaegemea WooCommerce. Ilianza mwaka 2011, ikanunuliwa na kampuni ya Automattic mwaka 2015, na inakaa juu ya WordPress, programu ya kujengea tovuti. Programu yenyewe ni bure na haichukui asilimia. Unalipia jina la tovuti na nafasi kwenye seva, na kampuni nyingi za hapa Kenya hupokea malipo hayo kwa shilingi na kwa M-Pesa. Plagini za Daraja zipo nyingi. Bei yake ya kweli ni uangalizi. WordPress isiyosasishwa ni nyumba iliyoachwa mlango wazi, na plagini ambayo mwandishi wake ameitelekeza ni dirisha lililovunjika. Kama huna mtu wa kuitazama angalau mara moja kwa wiki, bure yake itakugeukia. Hapo wanaoitetea Shopify wana hoja, na siwapingi. Muda wa mwenye duka nao ni pesa.

OpenCart na PrestaShop zinafanya kazi, ila fundi wa kuzijua hapa Kisumu utamtafuta kwa tochi, na programu isiyo na fundi wa karibu ni mzigo. Magento ni lori la tani kumi. Usilikodi kubebea gunia moja la sukuma wiki.

Na wapo ambao ningewaambia wasinunue chochote kwa sasa. Ukiwa na bidhaa kumi na tano na wateja unaowajua kwa majina, katalogi ya WhatsApp Business, Till na jedwali moja la hesabu kwenye simu vinakutosha. Dada alikaa hivyo mwaka mzima, na ule mwaka ndio uliomfundisha ni maswali gani wateja huuliza. Utajua wakati umefika siku utakapouza kitu kimoja mara mbili.

Ila usijenge nyumba nzima kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, na huku kwetu ilikuwa kuanzia jioni hadi usiku wa manane, saa ambazo watu wametoka kazini na wanaagiza. Aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye daftari alituma ujumbe wa kawaida akaendelea. Soko kubwa la mtandaoni nalo lina hatari yake. OLX ya Kenya iliishia mikononi mwa kampuni ya Jiji mwaka 2019. Sky.Garden, iliyokuwa na wauzaji wadogo wengi, ilitangaza kufunga mwaka 2022. Copia, iliyowahudumia watu wa mashambani kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Kuuza huko si kosa, na kunaleta wateja usiowajua. Kosa ni orodha ya wateja wako kuwa kwao peke yake.

Mambo mawili ya serikali, kwa ufupi. Tangu Januari 2024 biashara inayonunua kwako inahitaji risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, ili gharama hiyo ikubaliwe kwenye kodi yake. Ukiuzia ofisi au shule sare na vitambaa, watakudai. Programu inayoweza kutoa orodha safi ya mauzo ya siku itakuokoa hapo. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na kibanda, kwa kuwa majina, namba na maelekezo ya nyumba za watu umekabidhiwa. Usiombe tarehe ya kuzaliwa ya mtu anayenunua gauni.

Jambo dogo linalosahaulika: lifungue duka kwenye simu ya bei rahisi, kwa bando, ukiwa ndani ya matatu inayopita Ahero. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao wa Afrika Mashariki ukawa wa kutambaa. Duka lenye picha nzito halikufunguka. Jepesi lilifunguka, polepole, na likauza.

Lililobaki ni funguo, na hili ndilo ninalolisisitiza nikiwa na uchungu. Duka la kwanza la dada lilijengwa na fundi tuliyemwamini. Alikuwa kijana hodari, na kazi yake ilikuwa safi. Jina la tovuti, lile la .co.ke, alilisajili kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa nia njema nadhani, kwa sababu siku ile dada alikuwa na shughuli na ilikuwa rahisi hivyo. Seva nayo ikawa kwa jina lake, na nywila zote zikakaa kwenye simu yake. Mwaka uliofuata alipata kazi nje ya nchi na namba yake ikazimwa. Jina lilipofika wakati wa kulipiwa upya, ukumbusho ulikwenda kwenye barua pepe ambayo hatukuweza kuifungua. Duka likatoweka, likiwa na oda za miezi tisa na namba za wateja ambazo hakuna aliyekuwa amezinakili popote.

Sasa kabla ya kulipa hata senti, tunadai vitu vitatu mkononi: jina la tovuti lisajiliwe kwa jina na barua pepe ya mwenye biashara, akaunti ya seva na ile ya Daraja ziwe zake, na fundi atuonyeshe, siku ile ile, jinsi ya kuzitoa bidhaa, oda na wateja wote kwenye faili moja linalofunguka kwenye jedwali la kawaida. Programu isiyoweza kukupa faili hilo, hata iwe nzuri vipi, usiingie. Dada hulitoa faili hilo kila Ijumaa jioni, akaliweka kando ya taarifa ya M-Pesa ya wiki, akafuata mstari mmoja mmoja kwa kidole hadi jumla mbili zifanane.

Jina la zamani hatukulipata tena. Lilichukuliwa na mtu mwingine. Mifuko mia tatu iliyochapishwa jina hilo bado iko chini ya kaunta. Msichana hulikata kwa kalamu ya wino mzito na kuandika jipya pembeni kwa mkono, mfuko mmoja baada ya mwingine, kila gauni linapotoka.